Dishi la mawimbi ya milimita: kosa la unene wa karatasi

Dishi la televisheni lililobonyea ukingoni bado linashika picha. Pita mitaa ya Nakuru, kuanzia Section 58 hadi Lanet, na utayaona: moja limepigwa na mpira wa watoto, jingine limekunjwa na upepo likafungwa kwa waya wa ua, na ndani ya nyumba mechi inaendelea kama kawaida. Ndiyo sababu mtu akiambiwa kwamba ile ngoma nyeupe iliyo juu ya mnara wa simu, busta kama wengi wanavyouita, ina dishi ndani yake, hudhani kuliunda ni kazi ileile. Siyo. Uso wa dishi ukiwa na kosa la wastani la nusu milimita, televisheni haitajua lolote. Ukilipitishia dishi hilo mawimbi ya gigahezi 80, litakupa sehemu moja tu kati ya kumi na sita ya nguvu uliyopigia hesabu.

Tofauti yote iko kwenye urefu wa wimbi. Gawanya 300 kwa masafa yaliyo katika gigahezi, jibu litakuja kwa milimita. Televisheni ya setilaiti ya gigahezi 12 ina wimbi la mm 25. Gigahezi 28, ambayo baadhi ya mitandao ya 5G duniani huitumia kuwafikia wateja, ina mm 10.7. Gigahezi 80, iliyo katikati ya mafungu ya 71–76 na 81–86 yanayounganisha mnara na mnara, ina mm 3.75. Sasa kumbuka kazi ya bakuli: miale inayotoka kwenye fokasi, yaani nukta ambako bakuli hukusanyia mawimbi, hugonga uso na kutoka mdomoni ikiwa imesafiri umbali mmoja, hivyo mawimbi yanapatana. Uso ukizama nusu milimita, mwale unachelewa mara mbili, kwenda na kurudi, yaani milimita nzima. Kwa wimbi la mm 25 huo ni uchelewaji wa sehemu moja ya ishirini na tano. Kwa wimbi la mm 3.75 ni zaidi ya robo ya wimbi, na mawimbi yaliyopishana robo hayasaidiani sawasawa.

Mhandisi John Ruze aliiwekea hali hii hesabu ambayo mafundi wa antena wanaitumia hadi leo. Chukua kosa la wastani la uso, ligawe kwa urefu wa wimbi, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 686. Unapata hasara kwa desibeli, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu, 10 ni sehemu ya kumi. Kwa gigahezi 80, kosa la mm 0.1 linakula desibeli 0.5. Kosa la mm 0.2 linakula 2. Kosa la mm 0.3 linakula 4.4. Kosa likiongezeka mara mbili, hasara inaongezeka mara nne, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80, ina unene wa karibu mm 0.1. Basi huo ndio ukubwa wa kosa tunalolizungumzia. Yale madishi makubwa ya kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichoanza kazi mwaka 1970, yalitumia mawimbi ya sentimita 5 hadi 8 hivi. Wajenzi wake waliruhusiwa kukosea kwa milimita nzima bila kuumia sana. Dishi dogo la mnarani la sentimita 30 linakunyima anasa hiyo.

Ukubwa wa dishi: mvua na mlingoti ndivyo vinavyoamua

Tuseme tunaunganisha paa la ghorofa mjini Kisumu na mnara ulio upande wa Kondele, umbali wa kilomita 2, kwa gigahezi 80. Jambo la kwanza watu hulikimbilia ni geini, yaani dishi linazikusanya nguvu kuelekea upande mmoja mara ngapi kuliko kama zingesambaa pande zote. Zidisha kipenyo kwa 3.14, gawa kwa urefu wa wimbi, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa ufanisi. Dishi zuri dogo lina ufanisi wa nusu hadi asilimia 60, kwa sababu kuna nguvu inayomwagika nje ya ukingo, nyingine inazibwa na kilicho katikati, nyingine inaliwa na makosa ya uso. Kwa kipenyo cha mm 300 na ufanisi wa nusu, geini ni desibeli 45. Kwa mm 600 ni 51. Kuongeza kipenyo mara mbili kunakupa desibeli 6 za ziada kila upande, na kwa macho ya haraka hiyo ni faida ya bure.

Ngoja kwanza. Upana wa mwale kwa digrii ni karibu 70 mara urefu wa wimbi, gawa kwa kipenyo. Dishi la mm 300 lina mwale wa digrii 0.9, la mm 600 lina mwale wa digrii 0.44. Mlingoti wa paa uliofungwa kwa bolti mbili kwenye ukuta wa matofali ukijipinda digrii 0.3 kwa upepo wa jioni unaotoka ziwani, dishi dogo linapoteza desibeli 1.4. Lile kubwa linapoteza 5.6. Sehemu kubwa ya faida imekwenda, na imekwenda saa ileile mvua inapokaribia.

Na mvua yenyewe ni habari nyingine. Kisumu hupata mvua nyingi za radi za alasiri na jioni, matone makubwa yanayoshuka kwa fujo kwa dakika ishirini kisha kunatulia. Kwa gigahezi 80, mvua ya mm 50 kwa saa inakula karibu desibeli 19 kila kilomita. Ya mm 100 kwa saa inakula 31. Kwa gigahezi 28 mvua hiyo ya mm 50 inakula 9, na kwa gigahezi 18 inakula 5 hivi. Tupige hesabu ya njia yetu. Redio inatoa dBm 15 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kuanzia miliwati moja). Dishi kila upande linaongeza 45. Hewa tupu ya kilomita 2 inakula 136.5. Kinachofika ni dBm −31.5. Redio ikiwa inaweza kushikilia mawasiliano, kwa kasi ndogo kabisa, hadi −70, tuna akiba ya desibeli 38.5. Mvua ya mm 50 kwa kilomita 2 inachukua 38. Tumebaki na ukoko wa sufuria, na mvua ikifika mm 100 njia inakatika.

Weka madishi ya mm 600 pande zote mbili, akiba inapanda hadi 50.5. Mvua ya mm 100 inadai 62. Bado imekatika, na sasa una mlingoti wa kuuogopa. Kwa hali ya Kisumu, ushauri wetu ni kuikata njia vipande vya kilomita moja, dishi libaki mm 300: hewa inakula desibeli 6 pungufu, akiba inakuwa 44.5, mvua ya mm 100 inachukua 31, na kinachobaki kinatosha kuvumilia kifuniko kilicholowa na mlingoti unaotikisika. Ikiwa lazima iwe kilomita 2, funga pembeni redio ya gigahezi 18 ibebe mzigo mdogo wakati wa mvua. Kama redio inakuruhusu kuchagua, simamisha mawimbi wima badala ya kuyalaza, kwa kuwa matone makubwa hushuka yakiwa bapa na hula zaidi wimbi lililolala.

Bakuli, kofia na mafiga matatu

Tumeshika mm 300. Sasa urefu wa fokasi. Madishi ya minara hupendelewa yawe na kina, kwa sababu ukingo ulioinuka unazuia mawimbi kumwagika pembeni na kumsumbua jirani. Tuchukue fokasi ya mm 90, ambayo ni 0.3 ya kipenyo. Kina cha bakuli mahali popote ni umbali kutoka katikati ukizidishwa kwa wenyewe, kisha ukagawanywa kwa 360, yaani fokasi mara nne. Kwa mm 50 kutoka katikati, uso umepanda mm 6.94. Kwa mm 100, mm 27.78. Ukingoni, mm 62.5. Kata kigezo cha bati gumu chenye mkunjo huo, kilaze ndani ya bakuli, kisha jaribu kupitisha karatasi ile ya gramu 80 chini yake. Inapopita kwa urahisi, pana shimo la kuzungumzia. Kigezo hiki hakikupi kosa la wastani, lakini kitalikamata bakuli bovu kabla hujalipia usafiri wake. Cheti halisi kinatoka kwenye geji ya mshale iliyofungwa kwenye mkono unaozunguka juu ya mhimili, ukisoma walau nukta mia moja.

Bakuli hukerezwa: bati la alumini la mm 1.5 au 2 linazungushwa kwenye kerezo na kusukumwa polepole juu ya kalibu ya chuma. Tatizo ni kwamba alumini ina kumbukumbu. Ukiitoa kwenye kalibu inarudi nyuma kidogo, na hairudi sawasawa pande zote kwa sababu bati lilivingirishwa kiwandani kwa mwelekeo mmoja. Matokeo yake ni umbo la tandiko: juu na chini pamefunguka, kushoto na kulia pamejifunga. Kosa la namna hii ni baya kuliko hesabu ya Ruze inavyosema, kwa kuwa hesabu hiyo inachukulia makosa yametawanyika ovyo. Tandiko halipunguzi tu nguvu, linaupanua mwale na kuuinulia mikia ya pembeni, yaani miale midogo inayochepuka kando ya ule mkuu. Kwa gigahezi 28 kukereza kwa uangalifu kunatosha. Kwa gigahezi 80 viwanda hukandamiza bati kwa shinikizo ndani ya kalibu mbili, au humimina alumini kisha kuikata uso kwa mashine ya kompyuta, au hutengeneza plastiki na kuipaka metali. Hiyo ya mwisho si ujanja wa bei rahisi. Kwa masafa haya mkondo wa umeme hupita kwenye ngozi ya alumini yenye unene wa 0.3 tu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo tabaka jembamba la metali linafanya kazi yote, ilimradi liwe laini na lishike.

Halafu bakuli zuri linaharibiwa wakati wa kufungwa. Bolti nne kwenye kishikio kisicho bapa kabisa zinalivuta bakuli lifuate kishikio, na tandiko linazaliwa upya. Jiko la mafiga matatu halitikisiki hata kwenye ardhi mbovu; vivyo hivyo bakuli lishikwe kwa nukta tatu, karibu na kitovu, wala si ukingoni.

Katikati ndipo panapotoka mawimbi. Kwenye madishi madogo njia inayofaa zaidi ni bomba la mviringo lenye tundu la karibu mm 3, linalotoka kwenye redio iliyo nyuma, likapita katikati ya bakuli na kuishia kwenye kipande cha plastiki chenye kofia ya chuma. Kofia inayarudisha mawimbi nyuma kuelekea bakuli. Uso wake una mifereji ya mviringo yenye kina cha robo ya wimbi, mm 0.94, inayozuia mawimbi kutambaa kando ya chuma. Redio iliyobanwa moja kwa moja mgongoni mwa dishi ni lazima kwa hapa: mabomba ya mawimbi ya masafa haya hupoteza zaidi ya desibeli 2 kwa kila mita, hivyo hakuna kuiweka redio chini na kupandisha bomba mnarani.

Kofia inatakiwa iangaze bakuli kwa ustadi. Ikimwaga nguvu nyingi ukingoni, nyingine inapitiliza nje. Ikiminya sana katikati, ukingo wa bakuli uliogharimia unakaa bure. Kipimo kizuri ni ukingo upate desibeli 10 hadi 11 chini ya kitovu. Kwa bakuli letu, ukingo uko mbali zaidi na fokasi kuliko kitovu, na umbali huo peke yake unapunguza 4.6. Kwa hiyo kofia yenyewe inahitaji kushusha 6 tu kwa pembe ya digrii 80 kutoka mhimilini. Hapa anayesahau umbali huishia na ukingo wa bakuli usioangazwa vya kutosha.

Vipimo vya kofia havina huruma. Ikisogea milimita moja mbele ya fokasi, mawimbi ya ukingoni yanapishana na ya katikati kwa digrii 79 kati ya 360. Ikisogea nusu milimita pembeni, mwale unapinda karibu robo ya digrii, na umeshaona robo ya digrii ina thamani gani. Bomba lililoinama kwa sababu fundi alilishikia wakati wa kupandisha dishi halionekani kwa jicho. Libebe dishi kwa ukingo au kwa kishikio, kamwe si kwa kofia.

Mbele ya yote kuna kifuniko. Kisipochaguliwa kwa unene sahihi kinarudisha mawimbi ndani. Unene unaopita vizuri ni nusu ya wimbi likiwa ndani ya plastiki: kwa plastiki ya kawaida ya aina hii, mm 1.1 kwa gigahezi 80 na mm 3.2 kwa gigahezi 28. Milimita 1.1 ni nyembamba mno kwa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe ni mgeni wa kila msimu; huko tumia mara mbili yake, mm 2.2, ukubali kwamba itapitisha vizuri fungu jembamba zaidi la masafa. Mpira wa kuziba ukipasuka, maji yanaingia, na utando mwembamba wa maji ndani ya kifuniko unakula desibeli kadhaa hata siku ya jua. Acha tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini kabisa, lenye wavu. Bila wavu nyigu watajenga.

Mwale unaogawa ardhi kwa haki

Kuunganisha mnara na mnara ni mwale mwembamba kama sindano. Kuwahudumia wateja waliotawanyika chini ni kinyume chake. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi na mbao za antena ndogondogo zinazogeuza mwale kwa umeme, lakini zina vikuza nguvu vingi, joto na bei. Mahali wateja hawahami, kama vile mtaa wa nyumba zenye intaneti ya kudumu, kiakisi kilichofinyangwa kinaweza kufanya kazi bila umeme wowote ndani yake.

Chukua mlingoti wa mita 30 na gigahezi 28. Mteja wa mita 500 anaonekana digrii 3.4 chini ya upeo wa macho. Wa mita 50, digrii 31. Wa karibu ana umbali mdogo mara 8.6, kwa hiyo akipewa geini sawa na wa mbali anapokea desibeli 18.7 zaidi ya anachohitaji, na hiyo ni nguvu iliyoibwa kwa mwenzake. Tunataka geini ipungue kadiri mteja anavyokaribia, kiasi kwamba kila mmoja apokee sawa. Ukiifuatilia hesabu, inatoka sheria nyepesi: kila mita ya ardhi ipewe karibu mgao uleule wa nishati. Gawa ardhi ya mita 50 hadi 500 vipande kumi vya mita 45. Gawa pia nguvu ya honi, yaani mdomo wa bomba uliopanuka unaorusha mawimbi kwenye kiakisi, mafungu kumi sawa, kutoka juu hadi chini. Kila fungu linaangukia utepe mmoja wa kiakisi, na utepe huo unainamishwa uelekee kipande chake cha ardhi. Uso ukigeuka digrii moja mwale unageuka mbili, kwa hiyo tofauti ya mwinamo kati ya utepe wa kwanza na wa mwisho haifiki digrii 14. Unganisha tepe hizo kwa mkunjo laini na una umbo lako la wima. Kwa upande wa ulalo, uso unafanywa usikusanye miale bali uiachie itawanyike digrii 60. Honi inawekwa chini, nje ya njia ya mwale, ili isijizibe yenyewe.

Kiakisi hiki kina urefu wa karibu sentimita 25, na hapo ndipo mtego ulipo. Utepe mmoja una sentimita 2.5, mawimbi 2.3 tu. Kitu kidogo hivyo hakitoi mwale mnyoofu. Kinatawanya digrii 30. Hesabu ya miale ni ya kuanzia tu. Baada yake uso wote unapaswa kupigiwa hesabu ya mikondo kwa programu ya kompyuta, na mara nyingi utakuta mabonde: wateja wa umbali fulani wanapata desibeli 5 pungufu kwa sababu tepe mbili zinapingana pale. Sogeza uso kidogo, piga hesabu tena. Raundi tano au sita ni kawaida.

Kupima na kulenga

Dishi halipimwi likiwa limekaribiana na kipimio. Umbali wa chini ni kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, mara mbili, gawa kwa urefu wa wimbi: mita 48 kwa dishi la mm 300, mita 192 kwa la mm 600. Mapaa mawili yanayotazamana yanatosha kwa la kwanza, ila uwe na kibali cha masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano.

Wakati wa kulenga, andika namba unayotarajia kabla hujapanda. Kwa njia ya kilomita moja ni −25.5; kwa ile ya kilomita 2, −31.5. Ukisoma −50 na kila ukigeuza inapungua, hujafika kileleni: umeshika mkia wa pembeni wa mwale, nao una kilele chake kinachodanganya. Geuza digrii mbili nzima kila upande, upite mabonde, utafute kilele kikubwa. Nati ya M8 husogea mm 1.25 kwa mzunguko mmoja, na kwenye mkono wa sentimita 10 hiyo ni digrii 0.7, karibu mwale mzima. Geuza kwa moja ya nane ya mzunguko, subiri namba itulie. Ukishakaza bolti za kufungia soma tena, moja baada ya nyingine, kwa sababu kukaza kwenyewe kunavuta dishi. Ikishuka zaidi ya desibeli 1, legeza zote uanze upya.